Salamu Kutoka Misungwi

Kwenye msiba wa Mabula, kule Kisesa, nilipewa muda mfupi wa kumwelezea marehemu kama rafiki yake wa ujana. Nilisimama chini ya turubai nikasema yale yanayosemwa: kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba hakuwa na makuu, kwamba tuliishi chumba kimoja Mabatini kabla hajaoa na hatukuwahi kugombana. Hilo la mwisho lilikuwa uongo wa msibani. Tuligombana karibu kila siku, na chanzo kilikuwa redio. Nilirudi kukaa nikiwa nimejikasirikia, maana nilichotaka kusema sikukisema. Nilitaka kuwaambia wale watoto wake, watu wazima sasa, waliovaa fulana zenye picha ya baba yao, kwamba kuna mwaka mmoja baba yao ndiye alikuwa mtu pekee niliyemwambia nampenda nani, kwamba alinisindikiza kwenda kumtafuta huyo mtu, na kwamba sasa nimebaki peke yangu na habari ile. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa anatazama saa, na padri alikuwa ameshasimama. Basi nitaisimulia hapa, ambako hakuna wa kunikatisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Enzi za ruksa zilikuwa zimekolea, na vitu ambavyo utotoni tulivipanga foleni sasa vilikuwa vinauzwa kando ya barabara, vimetandazwa juu ya maturubai: sabuni za kunukia, betri, suruali za mitumba, kanda za muziki kutoka kila nchi. Mabula alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, viwanda vile vilivyokuwa vinaota pembezoni mwa ziwa, na mimi nilikuwa nimeajiriwa dukani kwa Mzee Salum, karibu na soko, kurekodi kanda. Vijana wa leo inabidi niwaeleze kazi ile. Mteja analeta kanda tupu na karatasi ya nyimbo anazotaka, wewe unazitafuta rafuni, unazihamisha moja baada ya nyingine kwenye redio ya deki mbili, na ukimaliza unaandika majina ya nyimbo kwenye kijaladi kwa mwandiko wa kupendeza. Kutwa nzima nilikuwa nasikiliza muziki na kulipwa. Mpaka leo sijapata kazi nyingine niliyoiendea nikikimbia asubuhi.

Chumba chetu kilikuwa katika nyumba ya Mama Nyangeta, Mjita mmoja mjane, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, kwa hiyo nyumba nzima ilijua nani anakoroma, nani ana mgeni, na nani anakula nini. Sisi tulikula mapanki. Kiwanda kilichukua minofu kikaipeleka Ulaya, na yale mabaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, ndiyo yaliyobaki mjini kwetu. Mabula aliyajulia. Aliyakaanga mpaka mifupa midogo ikawa inatafunika, akayapika na nyanya na bizari, na harufu ile ikipanda juu ya kuta utasikia jirani wa chumba cha pili anaguna. Nimekula samaki wazuri zaidi tangu wakati huo, kwenye hoteli zenye vitambaa vya mezani, na bado huwa nawaza lile sufuria lililoungua mkono mmoja.

Kuta zenyewe nilikuwa nimezijaza picha. Waimbaji, wacheza sinema, wanamasumbwi, mradi mtu awe ametokea kwenye gazeti au kalenda, nilimkata nikambandika kwa uji wa muhogo, na mende wakapata chakula. Jumamosi mchana tulikwenda banda la video kutazama mapicha ya Kihindi na ya karate, yakiwa hayana tafsiri hata neno moja, halafu tukabishana njia nzima kurudi nyumbani kuhusu nini hasa kilisemwa. Jumapili baada ya misa tulitembea mpaka Kamanga kutazama kivuko kikishusha watu, au tukapanda mawe ya Capri Point na miwa yetu, tukakaa huku ziwa likimeta chini yetu na redio ya Mabula ikiimba katikati yetu. Redio ilikuwa ya Mabula, aliinunua kwa mishahara yake ya kwanza. Kanda zilikuwa zangu. Betri zilikuwa za wote, na zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe ili zipate nguvu ya nyimbo mbili tatu zaidi.

Alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa, kwa sababu Mabula alitaka mpira. Wewe uliyekuwepo unakumbuka. Unanunua kadi ya salamu, unaandika jina lako na sanduku la posta, unaorodhesha watu unaotaka kuwasalimia, chini yake unaweka ujumbe, unaituma Dar es Salaam, kisha unasubiri. Mtangazaji anazisoma kadi moja moja, na kwa muda ule jina lako linasikika nchi nzima, kuanzia kwenye mashamba ya pamba mpaka kwenye meza za vinyozi. Watumaji tulikuwa na majina yetu ya redioni na tulijuana kwa majina hayo bila kuonana. Mimi nilikuwa Deus wa Kanda, Mabatini, Mwanza. Kulikuwa na adabu zake pia: aliyekusalimia, nawe humsalimia kwenye kadi yako inayofuata, na ukimruka mara moja watu wanauliza mmekosana nini.

Siku huyo niliyekuja kumpenda aliponisalimia kwa mara ya kwanza nilikuwa na tonge mkononi. Mtangazaji, mama mwenye sauti nzito na taratibu, alisoma kadi ya Sabina Tausi wa Misungwi, akataja watu wake wa Misungwi, kisha akasema, "na kaka Deus wa Kanda, Mabatini." Kabla sijameza, sauti ilikuja kutoka juu ya ukuta.

"Deusi! Umetajwa!"

"Nimesikia, Mama."

"Na msichana!"

"Nimesikia, Mama."

"Basi kura ugari wako vizuri, usipaliwe," akasema Mama Nyangeta, na nyumba nzima ikacheka.

Nilijibu. Naye akajibu. Tukawa tunasalimiana karibu kila juma, na kwa kuwa nilikuwa sipitishi kadi bila kumtaja Mabula, naye akaanza kumsalimia Mabula wa Minofu, jambo lililopunguza ugomvi wa mpira kwa kiasi kikubwa. Ukiniuliza nilimpendea nini mtu niliyesikia jina lake tu, nitakwambia ni ule ujumbe wake. Watumaji wengine waliandika maonyo na mafumbo, wakiwasema maadui zao mbele ya taifa. Sabina aliuliza maswali. "Ujumbe wake ni kwa kaka Deus: huku kwetu mvua imenyesha, je huko?" Mtangazaji mwenyewe alicheka siku ile. Nikaandika kwamba na huku imenyesha sana. Kadi ile ilisomwa jua likiwa kali mpaka mbwa wamejificha chini ya magari, na Mabula akagaagaa kitandani kwa kicheko. Tulijua basi kwamba kadi zinachelewa. Zilifika Dar es Salaam kwa magunia, zikachotwa bila mpangilio, ya leo inaweza kusomwa kesho na ya jana ikakaa hata mwezi. Tulijua, tukaona ni sehemu ya raha yenyewe.

Barua tusingeweza kuandikiana. Sanduku aliloandika kwenye kadi zake lilikuwa la mjomba wake, mwalimu wa shule ya msingi, na barua ya mvulana kwa msichana kupitia sanduku la mwalimu ingesomwa na mwalimu kabla ya chai. Lakini salamu za redioni, nani angezikataza? Zilisemwa hadharani, mjomba mwenyewe akiwa amekaa pembeni anasikiliza. Hivyo yote tuliyokuwa nayo ya siri yalipita mbele ya watu wote. Jioni nilikuwa nasikia Mama Nyangeta na mdogo wake wakichambua dagaa uani na kutuchambua na sisi.

"Huyu mtoto wa watu atamwoa kwa ledio?" mdogo wake aliuliza.

"Na wewe, mumeo Mugunda ulimwona wapi kabla hajaleta posa?" Mama Nyangeta akajibu. "Si ulisikia tu kwamba ana mitumbwi?"

"Angalau mitumbwi niliiona."

Nilikuwa nimelala chali kitandani nikisikiliza, nikiwa na furaha isiyo na sababu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya aina ile tena. Nimeoa, nimezaa, nimepata nyumba ya kwangu, na sijutii, mke wangu analijua hilo. Lakini kulikuwa na kitu kwenye kule kutojua sura yake, nywele zake, namna anavyocheka, kilichofanya kila msichana aliyepita dukani kwa Mzee Salum awe anaweza kuwa yeye.

Halafu ikaja ile kadi. Mwezi ulikuwa umeanza, tulikuwa tumetoka kazini, Mabula ananawa mikono kuondoa harufu ya samaki isiyoondoka. Mtangazaji akasoma majina ya Sabina, akafika kwenye ujumbe: "Kaka Deus, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nitakuwa mnadani Misungwi, kwa wauza chai, nimevaa gauni la njano. Je, utakuja?" Mtangazaji akaongeza la kwake: "Haya Deus, umesikia, usituangushe." Nilimtazama Mabula, Mabula akanitazama, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Upande wa pili wa ukuta Mama Nyangeta alipiga vigelegele.

Nilitumia mwezi ule kujiandaa. Nilinunua suruali ya mitumba, nikampelekea fundi aipunguze. Nikaanza kumtengenezea kanda. Nilichagua nyimbo kwa namna ambayo sijawahi kumchagulia mteja, nikazifuta, nikazipanga upya, wimbo wa kwanza usiwe wa mapenzi sana asije akashtuka, wa mwisho usiishe kwa kukatika. Mzee Salum alikuwa anapita nyuma yangu, kofia yake imekaa upande, tasbihi mkononi.

"Hiyo kanda ya nani, Deus?"

"Ya mteja, mzee."

"Mteja gani huyo anachaguliwa nyimbo?" Alisimama akasikiliza kidogo. "Huu wa tatu utoe. Huu ni wa kuachana."

"Lakini mtamu, mzee."

"Mtamu, ndiyo. Utoe."

Nikautoa. Jumapili ile tukaamka alfajiri, mimi na Mabula. Alikuwa amekataa kuniacha niende peke yangu, alisema nikimwona tu nitapoteza sauti na itabidi mtu wa kunisemea. Tulipanda nyuma ya lori la mfanyabiashara wa ng'ombe, nikiwa nimekalia gazeti ili suruali yangu isichafuke, kanda ipo mfukoni kwenye kitambaa. Mnada ulikuwa umeshachangamka. Vumbi, fimbo, miluzi, ng'ombe wenye pembe za kutisha, moshi wa nyama, watu wakisalimiana Kisukuma kwa zile salamu zao ndefu zisizo na haraka. Wauza chai walikuwa upande wa kivuli, mabenchi mawili na masufuria. Tulikaa. Kila kitu cha njano kilichotokea nilisimama. Nilisimama kwa kanga, nikasimama kwa mwavuli, nikasimama kwa mzee mmoja aliyebeba ndoo. Mabula hakunicheka hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jua lilipopinda, ng'ombe wakaanza kupakiwa, mama muuza chai akaja kukusanya vikombe. Alikuwa mama mnene, mtulivu, ametutazama kutwa.

"Shikamoo mama," Mabula akasema.

"Marahaba, wanangu. Mnangoja mtu?"

"Tunamngoja msichana mmoja. Anaitwa Sabina. Alisema atavaa gauni la njano."

Yule mama aliviweka vikombe chini. "Mpwa wa mwalimu? Huyo alikuja mnada uliopita, baba. Mwezi uliopita. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Sikuelewa. Nilimwambia hapana, ni leo, mwisho wa mwezi huu, tumesikia kwa masikio yetu.

"Mimi nakwambia alikaa hapo. Kila kijana mgeni akipita anainuka. Nikamwambia, mwanangu, kunywa chai, akasema, namngoja mgeni tunywe wote. Mpaka malori yakaondoka hakunywa." Akatutazama kwa huruma. "Na sasa hayupo. Wamempeleka Tabora, chuo cha uuguzi. Wiki iliyopita tu."

Mabula ndiye aliyeelewa kwanza. "Deus," alisema polepole, "ile kadi ilikaa kule. Mwezi huu wake haukuwa mwezi huu wetu." Akanishika bega. Nilipiga hesabu kichwani, nikairudia, nikitafuta mahali pa kuikosoa, nikakosa. Yeye alikuwa ameketi juu ya ubao ule ule wakati mimi nipo Capri Point natafuna miwa, nikingoja kusikia jina langu. Mabula aliagiza chai vikombe viwili. Yangu ikapoa.

Ningependa kusema kwamba yaliishia pale, kwa sababu hayo ningeweza kuyabeba. Lakini magunia ya Dar es Salaam yalikuwa bado na kadi zake. Alikuwa ameandika nyingi kabla ya siku ile, kwa furaha ya kungoja, na sasa zikawa zinachotwa moja moja. Alasiri tunakaa kula, na yule mama mtangazaji anasoma: "Sabina Tausi wa Misungwi anamsalimia kaka Deus wa Kanda, anauliza, chai unapenda ya maziwa au ya rangi?" Juma linalofuata: "Anauliza, utakuja na Mabula?" Alikuwa anacheka mle ndani ya redio, ana matumaini, anapanga, na mimi ninajua alishakaa kwenye benchi na alishaondoka. Nilianza kuzirekodi. Nilichukua ile kanda niliyomtengenezea, na kila jina lake liliposomwa nililinasa juu ya wimbo mmoja, mpaka nyimbo zikaisha. Nilimpenda zaidi majuma yale kuliko nilivyompenda kabla. Mama Nyangeta aliacha kupiga kelele juu ya ukuta. Jina langu likitajwa, nyumba inanyamaza kama kuna mgonjwa.

Mimi nami niliandika. Nilituma kadi za kueleza, nyingi, kila moja ndefu kuliko nyingine: kwamba nilisikia nimechelewa, kwamba nilikuja, kwamba nilikaa pale pale. Moja tu ndiyo niliyoisikia ikisomwa, vuli ikiwa imeshaanza, na siku hiyo kipindi kilikuwa kinakaribia kwisha, hivyo mtangazaji, kuokoa muda, alisoma majina peke yake akaacha ujumbe. Niliandika barua pia, kwenda chuoni Tabora, bila kujua namba ya sanduku wala kama kuna chuo zaidi ya kimoja. Haikujibiwa. Leo ninaona watu wanaandikiana kwenye simu, wakikosa jibu kwa muda wa kuchemsha yai wanadhani wameachwa, na huwa sijui niwaonee huruma au niwaonee wivu. Wao angalau wanajua ujumbe umefika.

Kadi ya mwisho ilisomwa Mabula akiwa anakaanga. Nilimfahamu kabla jina halijamalizika, nikabonyeza kitufe cha kurekodi kwa mazoea. "Sabina Tausi," mtangazaji alisoma, na sasa haikuwa ya Misungwi tena, "wa Tabora." Mabula aliinua sufuria motoni ili mafuta yasipige kelele. Sabina alimsalimia mjomba wake mwalimu na shangazi yake. Aliwasalimia wanachuo wenzake. Alimsalimia mama muuza chai wa mnadani. Aliwasalimia watumaji wote wa kipindi, mmoja mmoja, wa Tarime, wa Sengerema, wa Kigoma, majina niliyoyajua kama ya ndugu zangu. Alimsalimia Mabula wa Minofu, Mabatini, Mwanza. Nilisogea karibu na spika, maana baada ya Mabula ndipo ninapofuata mimi, siku zote ndipo nilipofuata. Mtangazaji akamshukuru Sabina, akachukua kadi ya mtu wa Singida.

Mabula alisimama na sufuria mkononi, uso wake umejaa aibu kana kwamba ameniibia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama azime redio. Nikamwambia aache. Yule wa Singida alikuwa bado anataja watu wake, kisha akaja wa Iringa, kisha wa Lindi, watu ambao hawakunijua kabisa, na mimi niliendelea kukaa pale sikio likiwa kwenye spika, nikisikiliza kila jina.